Kifusi cha ukarabati Dar: mkokoteni, kirikuu, tipa ya Pugu au kiwanja cha jirani?

Ukuta wenyewe ulikuwa mmoja tu. Kati ya jiko na sebule, mita 3 kwa mita 2.7, tofali za inchi 6, plasta pande zote mbili. Mafundi wawili waliulaza kabla ya adhuhuri. Saa kumi jioni nikatoka nje, nikakuta lundo limefika usawa wa komeo la geti, na mama mjumbe amesimama kando yake, mikono kiunoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiki kinalala hapa mpaka lini?"

Sikuwa na jibu. Nilishapiga hesabu ya saruji, ya taili, ya fundi umeme, mpaka soda za saidia fundi. Ya kifusi sikuipiga kabisa, na nadhani wengi wetu hatuipigi. Tangu siku hiyo nimekarabati mara mbili tena, kwangu Tabata na nyumbani kwa mama Mbagala, na njia za kuondoa kifusi Dar es Salaam nimezipitia karibu zote. Hapa nazilinganisha, kwa ajili ya mtu ambaye nyundo haijaanza kugonga.

Anza na uzito, si bei ya tripu

Kifusi tunakikadiria kwa macho, gari linakibeba kwa kilo. Chukua ukuta wangu. Tofali na plasta kwa pamoja unene wake ni kama sentimita 18, kwa hiyo ni mita za ujazo 1.5 hivi. Mita moja ya ujazo ya tofali za saruji ina tani 2 au zaidi kidogo. Ukuta mmoja wa ndani, usio na hata dirisha, ni tani 3. Ukishavunjwa uzito haubadiliki, ila lundo linaumuka kama andazi: ile mita moja na nusu inakuwa mbili na zaidi, kwa sababu vipande havipangiki.

Sasa weka gari kando ya hesabu hiyo. Kirikuu, ile Suzuki Carry ndogo, kiwandani imeandikiwa kilo 350. Dereva atakuapia kwamba inabeba tani, na kweli utaiona inaondoka imekalia matako ya nyuma, pua juu. Lakini hata akizidisha mzigo mara mbili ya inavyotakiwa, ukuta wangu ni tripu nne au tano. Kanta, lori dogo la tani 3, inaumaliza kwa safari moja. Ndiyo maana swali la "tripu shilingi ngapi?" linadanganya. Uliza tani ngapi kwa tripu, halafu gawanya. Mara nyingi kirikuu inayoonekana rahisi ndiyo inayokula hela nyingi kwa kila tani.

Isipokuwa gari kubwa haliingii mtaani kwako, na hapo hesabu yote inageuka. Manzese, Tandale, Buguruni, hata nyuma kwetu Tabata, kuna vichochoro ambavyo Kanta haigeuki. Unalipa mara mbili: vijana wa kutoa kifusi kwa toroli mpaka barabarani, kisha gari. Usimwite dereva kabla hujapima upana wa njia.

Mkokoteni na guta

Hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Vijana wa mkokoteni na wa guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, hawahitaji kupigiwa simu. Wakisikia nyundo wanakuja wenyewe. Mzigo mdogo wanaumaliza kwa saa moja: ndoo thelathini za taili za bafuni, sinki lililopasuka, plasta iliyobanduka. Bei mnaelewana hapo hapo, na mzee wa mtaa asiye na uwezo wa Kanta huokolewa na hawa.

Tatizo ni swali moja ambalo hatuwaulizi: mnakwenda kumwaga wapi? Mkokoteni hausukumwi kilomita 20. Kama kifusi kimeondoka kwako na kijana amerudi baada ya robo saa, basi kiko umbali wa robo saa. Kwetu maana yake ni korongo, au mfereji, au kingo za kijito kimojawapo kinachoingia Mto Msimbazi. Mto huo unaanzia vilima vya Pugu, unapita katikati ya jiji na kutokea baharini Daraja la Selander, na vijito vyake vya Luhanga, Ubungo na Sinza vinapita nyuma ya nyumba za watu. Jangwani, kwenye bonde la mto huo, pakijaa maji Barabara ya Morogoro inafungwa, na sote tunalaumu mvua. Mchanga husombwa na mvua inayofuata. Zege halisombwi, linakaa pale, linanasa mifuko na matope, mpaka mfereji unakuwa ukuta.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bahari. Bwana afya akifuatilia, kijana wa mkokoteni hayupo tena. Mwenye nyumba yenye ukuta mpya yupo, na majirani wanamjua.

Simkatazi mtu kuwatumia. Mimi mwenyewe nawatumia, ila kwa safari ambayo mwisho wake nimeshauona kwa macho: kutoka uani kwangu mpaka kwa jirani anayejaza shimo, au mpaka barabarani kwenye gari.

Kirikuu na Kanta ya kukodi

Hapa ndipo nilipopigwa. Ukarabati wa pili, dereva wa Kanta alikuja na vijana wake wawili, wamepakia vizuri, wamefagia hata geti. Nikamuuliza anapeleka wapi.

"Bosi, we lipa tu. Pa kumwaga napajua."

"Wapi, kaka?"

"Huko huko. Usijali."

Nililipa, na sikujali. Siku ya pili asubuhi nikapigiwa simu na mtu mwenye kiwanja kitupu mtaa wa tatu, ananiuliza kwa nini milango yangu ya bafuni iko kwenye msingi wake. Namba yangu aliipata kwenye stakabadhi ya duka la vifaa iliyokuwa ndani ya kiroba. Nikakodi Kanta nyingine, nikalipa upakiaji upya, na juu yake nikaomba radhi. Tripu ya bei nafuu iligeuka tripu mbili na aibu moja.

Kwa ubora wa gari na kasi, Kanta ndiyo chaguo la katikati linalofaa kazi nyingi za nyumbani: vyumba viwili, choo, paa dogo. Lakini sharti uamue wewe inakokwenda. Nusu ya malipo mpe akiondoka, nusu akirudi na picha ya mahali alipomwaga, au panda naye. Mimi sasa hupanda naye. Dereva anayekataa abiria kwenye kiti cha mbele kwa safari ya kifusi ameshajibu swali lako.

Vilevile kuna makubaliano ya "fundi ataondoa mwenyewe", yaani kifusi kimo ndani ya bei ya kazi. Yanavutia. Kwa fundi, hata hivyo, kila shilingi anayookoa kwenye kifusi ni yake, kwa hiyo ataita mkokoteni saa mbili usiku. Ukikubali utaratibu huo, andika kwenye karatasi mahali kinapokwenda.

Tipa ya kwenda Pugu

Dampo la jiji liko Pugu Kinyamwezi, takriban kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Wakongwe wanakumbuka lilivyohamahama. Lilikuwa Tabata, wakazi wakalipeleka jiji Mahakama Kuu mwaka 1988 kwa moshi na harufu; baadaye likawa Vingunguti, kisha Mtoni. Lilipohamia Pugu lilisogea mbali, na kila kilomita iliyoongezeka iko kwenye bei anayokutajia dereva.

Ukiwa Gongo la Mboto, Ukonga, hata Tabata, Pugu inalipa. Ukiwa Tegeta au Mbezi Beach, tipa inavuka jiji zima, inaingia Barabara ya Nyerere na foleni yake, na safari moja inaweza kumeza nusu siku ya dereva. Ndiyo sababu madereva wa upande ule wanapenda sana "huko huko".

Tipa ina maana pale mzigo ni mkubwa na umechanganyika: umebomoa nyumba nzima, kifusi kimeingiliana na silingi bodi, mazulia, mabomba, sponji za sofa. Hakuna mtu atakayekitaka kiwanjani kwake. Hapo usitafute njia ya mkato; kusanya mpaka tipa ijae, kwa sababu gari la tani 7 likienda na tani 3 bado linakula dizeli ya kwenda na kurudi. Kama jirani naye anakarabati, unganeni. Sisi Mbagala tuliungana nyumba tatu, na mama yangu ndiye aliyesimamia upakiaji kutoka kibarazani kana kwamba ni msimamizi wa bandari.

Muda wa kusubiri ndio udhaifu wake. Lundo litakaa nje siku kadhaa. Mwambie mjumbe au mwenyekiti wa mtaa mapema, acha njia ya watu, na usiliweke juu ya mfuniko wa mfereji. Masika, lifunike turubai, la sivyo nusu ya mchanga utaukuta kwa jirani wa bondeni.

Gari la taka la mtaa, lile la kila wiki, usilihesabu kabisa. Ni la taka za nyumbani. Wapo wanaoficha tofali katikati ya viroba vya maganda ya ndizi. Vijana wa gari wakinyanyua kiroba kimoja tu wanajua, na wanakirudisha getini kwako.

Kiwanja cha mtu anayejaza

Hii ndiyo ninayoipenda, na nitakaa nayo kidogo.

Katika jiji hili kifusi kina maana mbili. Kuna kile unachokitupa, na kuna kile ambacho mwenzako ananunua kwa tripu ili ainue kiwanja. Mara nyingi ni kitu kilekile. Mtu wa Chanika au Kivule anajaza mteremko kabla ya kujenga uzio, mwingine anatengeneza njia ya gari isiyozama masika, mwingine ana shimo la choo la zamani mbele ya nyumba na anaogopa watoto. Anahitaji tani 3 zako, na anazihitaji wiki hii. Ukimpata, unalipa usafiri tu. Ukimpata anayehitaji sana, usafiri analipa yeye.

Namna ya kumpata ni ya kizamani: waulize mafundi, muulize mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwambie mjumbe. Yule mama mjumbe wa mikono kiunoni ndiye aliyenipatia wa kwanza. Alijua nyumba zote za mtaa zenye mashimo.

Lakini mtu huyo anataka kifusi safi. Tofali, zege, plasta ya saruji, mawe, vigae. Hataki mbao, maana mbao ikiozea chini inaacha uwazi, na kabla ya kuoza inakaribisha mchwa. Hataki vioo, kwa sababu watoto wanatembea peku. Na jipsamu, ile iliyo ndani ya silingi bodi, haitaki hata ukimbembeleza: salfeti yake inakula saruji ya msingi, na ikizikwa penye maji na taka za kuoza hutoa gesi yenye harufu ya yai viza, gesi ya sumu.

Tofauti kati ya mali na takataka, basi, inaamuliwa siku ya kubomoa, si siku ya kupakia. Waambie mafundi washushe silingi kwanza, watoe milango na fremu, wang'oe nyaya na mabomba, halafu ndipo wapige ukuta. Malundo mawili, kamba katikati. Kazi inaongezeka labda nusu siku. Fundi atalalamika. Mlipe hiyo nusu siku. Inarudi kwenye tripu.

Na kuna mahali ambapo hata kifusi safi hakifai, hata mwenye kiwanja akikulilia. Msasani kuna eneo linaitwa Bonde la Mpunga. Jina lenyewe linakuambia maji yalikuwa yakikaa wapi. Kila anayeinua kiwanja chake bondeni anayasukuma maji kwa asiye na hela ya kuinua. Mtu wa aina hiyo akikuomba tripu zako, zipeleke mlimani.

Kukitumia mwenyewe

Njia ya bei ndogo kuliko zote ni kifusi kutotoka getini. Kama unaongeza chumba, tani zako 3 zinaingia chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, badala ya kununua mawe. Vunja vipande visizidi ngumi, mwaga tabaka la inchi 6, mwagia maji, shindilia, kisha tabaka lingine. Wengi wanajaza futi mbili kwa mkupuo na kupita juu na toroli. Baada ya mwaka sakafu inapasuka, wanasema saruji ilikuwa mbaya.

Zege la zamani linaweza hata kurudi kuwa kokoto. Watafiti waliokusanya kifusi cha maeneo ya ujenzi nchini na kuchapisha matokeo yao mwaka 2013 walitengeneza tofali kwa kokoto za zege lililovunjwa. Kokoto hizo ni dhaifu kuliko za mawe ya asili, lakini tofali za kujengea zilipatikana. Kwa nyumbani, nyundo na jasho vinatosha kupata kokoto za njia ya miguu au za zege la uzio mwepesi. Za nguzo na slabu kanunue mpya. Hapo usibane.

Vya kuuza kabla ya gari kuja

Nitapita haraka kwa sababu hiki Dar hakihitaji mwalimu. Nyumba zilipovunjwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro pale Kimara mwaka 2017, mabati na milango viliondoka kabla ya kuta. Chuma chakavu kinanunuliwa kwa kilo, aluminiamu inalipa zaidi ya chuma, shaba inazidi zote. Usiache watoto wachome nyaya kutoa shaba. Ule moshi ni sumu, na waya uliochubuliwa kwa kisu haupungui thamani.

Mlango wa mninga wa zamani ni habari nyingine. Tunauondoa kuweka wa kisasa unaovimba masika ya kwanza, na tunamwachia fundi bure. Fundi seremala akiupiga randa ni mpya. Grili za madirisha vilevile.

Kuni ndizo zinazonitia wasiwasi. Kenchi zikishushwa, mama lishe wa karibu anaziomba, na wewe unafurahi kupunguza mzigo. Uliza kwanza kama mbao zilitiwa dawa ya mchwa. Zile zenye ukijani zimetiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Zikichomwa, aseniki iko kwenye moshi na kwenye majivu. Hizo ziende dampo, si chini ya sufuria ya maharage.

Kitu kimoja kisichoingia kwenye ulinganisho

Nyumba nyingi za zamani, hasa za mashirika na kota za serikali, zina paa la asbesto: yale mabati mazito ya kijivu yanayofanana na saruji. Hayo hayapandi mkokoteni, kirikuu wala tipa ya mchanganyiko, na hayajazi kiwanja cha mtu. Yakivunjwa hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana, zikiingia mapafuni hazitoki, na ugonjwa wake huja miaka kumi, ishirini au zaidi baadaye, kwa fundi asiyekumbuka tena paa lako. Usiyapige nyundo, usiyakate, usiyafagie makavu. Simamisha kazi, nenda halmashauri au Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, uelekezwe kwa wenye kibali cha taka hatarishi. Ni ghali na inachelewesha. Hapa sina njia ya mkato ya kukupa.

Ningechagua nini leo

Bafu moja au taili za sebule: vijana wa guta, mpaka kwa jirani mwenye shimo, nikitembea nyuma yao. Ukuta mmoja au kuta mbili: kifusi safi kando, Kanta moja, kiwanja ninachokijua, mimi kiti cha mbele. Nyumba nzima: vya kuuza vitoke kwanza, kifusi safi kwa wanaojaza, mabaki yaliyochanganyika tipa ya Pugu, pamoja na ya majirani. Nikiwa naongeza chumba, hata gari siiti mpaka jamvi lishibe.

Na kabla ya fundi kunyanyua nyundo, napita kwanza kwa mama mjumbe. Mara ya mwisho hakunipokea na mikono kiunoni. Alishaanza kuhesabu: "Safari hii una tani ngapi mwanangu? Maana baba Salma anataka mbili tu, na kule kwa fundi cherehani shimo bado halijajaa."